Maisha ya Abdilatif Abdalla na Uhakiki wa 'Sauti ya Dhiki': Ufunguo, Si Jibu

Na mwalimu wa Kiswahili na Fasihi, Ishiara

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujibu swali linalowasumbua walimu na watahiniwa wengi wa Kiswahili: maisha ya mshairi yana nafasi gani katika uhakiki wa mashairi yake? Wapo walimu wanaoanza kila kipindi cha ushairi kwa wasifu wa mtunzi, na kengele ikalia kabla ubeti wa kwanza haujasomwa. Wapo wengine wanaoshikilia kwamba shairi lijisemee lenyewe, na kwamba mtunzi akishatunga kazi yake imekwisha. Kila upande una hoja zake. Hata hivyo, mwanafunzi ndiye anayeumia pande hizi zinapovutana, kwa maana huingia katika chumba cha mtihani bila kujua lipi la kuandika na lipi la kuacha.

Mfano bora wa kuutumia katika mjadala huu ni Abdilatif Abdalla, mtunzi wa diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Yeye ni mshairi, ni mwanaharakati wa siasa za mrengo wa kushoto, na ni msomi aliyefundisha Kiswahili katika vyuo vikuu. Alifungwa gerezani kwa sababu ya maandishi yake, na humo gerezani akaandika tena. Kwa hivyo maisha yake na mashairi yake yameshikana kama chanda na pete. Hoja ya makala haya ni kwamba maisha hayo ni ufunguo wa kufungulia mlango wa shairi, lakini hayawezi kusimama mahali pa jibu. Aidha, upo mlango ambao ufunguo huu haufungui, na mtahiniwa anapaswa kuutambua.

Tunaofundisha katika ukanda wa chini wa Embu, kama hapa Ishiara, tuna sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili. Wengi wa wanafunzi wetu wanazungumza Kimbeere nyumbani. Wakikutana na shairi la Kimvita wanaliona kuwa ni mali ya watu wa pwani, na wanaliruka katika mtihani. Tukiyaeleza maisha ya Abdilatif inavyostahili, wataona kwamba shairi hilo linawahusu na wao pia.

Malezi katika ushairi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Sehemu ya utoto wake aliipitisha katika miji mingine ya pwani, ukiwemo mji wa Faza kisiwani Pate, katika malezi ya babu yake, Ahmad Basheikh, ambaye alikuwa mjuzi wa tungo. Ndugu zake nao si wageni kwa mwalimu wa fasihi. Ahmad Nassir ndiye mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971). Abdilahi Nassir alikuwa mwanasiasa wakati Kenya ilipokuwa ikikaribia uhuru, na baadaye akawa mhariri na mwanachuoni wa dini aliyejulikana sana.

Kutokana na malezi haya, Abdilatif aliufahamu ushairi kwa kusikiliza na kujibizana kabla hajausoma vitabuni. Katika jamii ya Mvita, shairi lilikuwa njia ya kawaida ya kusema jambo zito mbele ya watu. Karne moja na nusu kabla yake, Muyaka bin Haji alitunga mashairi yaliyowaunga mkono watawala wa Kimazrui wa Mombasa dhidi ya Sultani wa Kibusaidi. Tungo hizo zilikwenda na kujibiwa, na raia wakazikariri. Kwa hivyo tunaposema kuwa Abdilatif aliingiza siasa katika ushairi, hatusemi kweli yote. Siasa ilikuwemo tangu zamani. Jipya lilikuwa ni siasa ya namna gani.

Siasa za miaka ya sitini

Ili kuelewa siasa hiyo, hatuna budi kurejelea historia kidogo. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Baada ya muda mfupi, viongozi wa chama cha KANU walitofautiana kuhusu maana ya uhuru huo. Upande mmoja ulitaka ardhi iliyokuwa ya walowezi iuzwe kwa wenye uwezo wa kununua, na uchumi uendelee kufuata mkondo uliokuwepo. Upande mwingine, ulioongozwa na Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia, ulidai kwamba waliopigania ardhi na hawana kitu wapewe bila malipo, na kwamba serikali isimamie mali kwa faida ya wengi. Huu ndio uliokuja kuitwa mrengo wa kushoto wa siasa za Kenya.

Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu wadhifa wa makamu wa rais na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union (KPU). Chama hiki kilibanwa tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walikataliwa kwa wingi kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Mwananchi aliyetaka kukipigia kura chama hicho hakupata nafasi ya kufanya hivyo.

Wakati huo Abdilatif alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, na mfuasi wa KPU. Mwezi wa Novemba 1968 aliandika waraka uliosambazwa kwa siri wenye kichwa Kenya: Twendapi? Waraka huo ulihoji mwelekeo wa serikali na namna ilivyokuwa ikiwatendea wapinzani. Mwezi wa Disemba alikamatwa. Alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Upande wa mashtaka haukuridhika; ukakata rufani, na Mahakama Kuu ikakiongeza kifungo hicho hadi miaka mitatu.

Mwalimu awaelekeze wanafunzi wakitazame kichwa cha waraka ule. Ni swali la neno moja, "Twendapi?" Kitenzi kimetumia nafsi ya kwanza wingi. Mwandishi hakuuliza "mnakwenda wapi" kana kwamba yeye hayumo safarini. Alijihesabu miongoni mwa wasafiri. Msimamo huo wa "sisi" ni muhimu katika kuyasoma mashairi yake, hata yale ambayo juu juu yanasema "mimi".

Kifungo na kuzaliwa kwa diwani

Abdilatif alitumikia kifungo chake Kamiti na Shimo la Tewa, na kwa muda mrefu aliwekwa peke yake bila ya kuchanganyika na wafungwa wengine. Hakuruhusiwa kuandika. Alitunga kwa siri, na karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa karatasi ya chooni. Aliachiliwa mwezi wa Machi 1972. KPU kwa wakati huo hakikuwepo tena, kwani kilikuwa kimepigwa marufuku mwezi wa Oktoba 1969 na viongozi wake kuwekwa kizuizini.

Akiwa bado ndani, kazi yake nyingine, Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, ilichapishwa mwaka 1971. Mashairi ya gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi hahitaji kuelezwa mara mbili: tuzo yenye jina la rais ilimwendea mtu ambaye serikali ya rais huyo ilikuwa imemfunga kwa kuandika.

Mazingira haya ya utunzi yanaeleza mambo mawili ya kifani. Kwanza, mtu anayetunga bila karatasi ya kutosha huhitaji kuhifadhi tungo zake kichwani, na vina na mizani ndivyo vyombo vya kuhifadhia. Pili, mtu anayeweza kupekuliwa wakati wowote hujifunza kusema kwa kuficha. Mafumbo na jazanda katika diwani hii yana kazi ya urembo, lakini yana pia kazi ya kinga.

Ughaibuni na kazi ya kitaaluma

Baada ya kuachiliwa, Abdilatif hakukaa Kenya. Alihamia Tanzania mwaka 1972 na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1979. Hiki kilikuwa kipindi ambacho taasisi hiyo ilikuwa ikiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Dar es Salaam ya wakati huo, chini ya siasa ya Ujamaa na Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa makimbilio ya wanaharakati kutoka pande nyingi za Afrika.

Katika miaka hiyo aliitafsiri riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, akaiita Wema Hawajazaliwa. Uteuzi huu haukuwa wa bahati nasibu. Riwaya hiyo, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, inahusu uhuru uliogeuka kuwa karamu ya wachache. Mwaka huohuo ndio aliouliza "Twendapi?" Ghana na Kenya zilikuwa zikiuliza swali moja.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 1986 alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Mwaka 1982 serikali ya Kenya iliwakamata wahadhiri kadhaa wa vyuo vikuu, miongoni mwao Alamin Mazrui, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981). Mjini London iliundwa kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya, na Abdilatif alikuwa mmoja wa wanakamati pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o. Mfungwa wa jana alikuwa akimpigania mfungwa wa leo. Alamin naye alipotoka alichapisha diwani yake, Chembe cha Moyo (1988).

Mwaka 1995 Abdilatif alijiunga na Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, akafundisha lugha na fasihi ya Kiswahili huko hadi alipostaafu mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2011 kilitoka kitabu alichokihariri, Kale ya Washairi wa Pemba, chenye tungo za Kamange na Sarahani. Tunaona basi kwamba mwanaharakati huyu hakuacha kuihudumia kazi ya washairi waliomtangulia.

Siasa mpya katika umbo la zamani

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wa kidato cha nne wanapoelezwa maisha haya. Wanatarajia kwamba mtu aliyetaka mabadiliko katika siasa atataka mabadiliko katika ushairi pia. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya Sauti ya Dhiki, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyotupilia mbali vina na mizani. Abdilatif hakufuata njia hiyo. Mashairi yake yanafuata arudhi: mizani imepimwa, vina vimetiririka, na bahari zake ni za kurithiwa.

Je, huku ni kujipinga? La. Umbo la jadi lilikuwa ndilo umbo la umma wake. Mchukuzi wa bandarini na muuza samaki wa Mombasa ambao hawakusoma kitabu cha nadharia waliweza kulisikia shairi la tarbia, wakalikariri na kulijibu. Kwa mtu aliyeamini kwamba siasa ni ya wengi, kuliacha umbo linaloeleweka na wengi kungekuwa ndiko kujipinga. Mtahiniwa anayeulizwa ufaafu wa umbo katika shairi la Abdilatif atumie hoja hii, mradi aifungamanishe na shairi lenyewe.

Mashairi manne mbele ya maisha haya

Tuchukue sasa mashairi manne kutoka katika diwani tuone ufunguo wetu unafanya kazi wapi.

(a) 'Mamba'. Katika shairi hili, mamba anayeishi mtoni amejaa kiburi, anajigamba kwa nguvu zake na kudhani kwamba ataishi daima. Nafsineni inamkumbusha kwamba kila mwenye nguvu ana mwisho wake. Ubeti wa kwanza unatangaza kwamba tungo hii imefumbwa, na kwamba mwenye uwezo aifumbue. Kwa hivyo shairi lenyewe linaturuhusu kutafuta maana ya ndani. Maisha ya mtunzi yanatuelekeza kwa mtawala asiyeambilika. Hata hivyo, shairi halitaji jina la mtu wala la nchi. Mamba ni kila mwenye mamlaka anayesahau kwamba mamlaka ni ya kupita.

(b) 'Kuno Kunena'. Nafsineni inauliza sababu ya kuandamwa kwa ajili ya kusema. Hapa maisha yanasaidia sana, kwa kuwa kosa la Abdilatif mbele ya mahakama lilikuwa ni maneno. Mwalimu anaweza kuongeza kwamba vifungu vya uchochezi katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, aina ya sheria iliyotumika kumfunga, vilifutwa mwaka 1997. Lakini uzuri wa shairi hauko katika sheria. Uko katika takriri ya sauti za k na n zinazogongana tangu kichwani, kama ulimi unaozuiwa na bado unasema. Mtahiniwa asiyeitaja takriri hiyo ameliacha shairi nyuma.

(c) 'N'shishiyelo ni Lilo'. Shairi hili ni la msimamo: lile ambalo nafsineni imelishika ndilo hilo, haliachi. Tukijua kwamba mtunzi alikuwa peke yake gerezani, tunaisikia toni ya uthabiti kwa uzito wake. Bila ya kujua, msomaji angeweza kudhani kuwa ni shairi la mapenzi au la mzozo wa kawaida kati ya watu wawili.

(d) 'Usiniuwe!' Anayesema ni mtoto aliye tumboni, akimsihi mamaye asimtoe. Hapa ndipo pana mlango ambao ufunguo wetu haufungui. Mtahiniwa aliyekariri kwamba "kila shairi la Sauti ya Dhiki ni la kuipinga serikali" atapotea vibaya. Mfungwa ni mtu, na mtu huwaza mengi zaidi ya mlinzi wake. Huwaza uhai, familia, imani na wema. Kumsoma Abdilatif kama mfungwa tu ni kumrudisha katika chumba alichokwisha kutoka.

Kufundisha Kimvita Ishiara

Tatizo kubwa la wanafunzi wetu ni lahaja. Wanapoona neno "siwati" au "n'shishiyelo", hukimbilia kuandika kwamba mshairi "amebananga sarufi" au "amefanya inkisari". Majibu haya yanampotezea mtahiniwa alama bure. Kimvita ni lahaja yenye kanuni zake, na anayeifuata hajabananga kitu. Istilahi sahihi ni matumizi ya lahaja, ambayo ni sehemu ya uhuru wa mshairi.

Kanuni chache zinatosha kumfungulia mwanafunzi njia. Mahali pa ch katika Kiswahili sanifu, Kimvita mara nyingi hutumia t: wacha huwa wata, macho huwa mato, cheka huwa teka. Ndiyo maana "siwati" ni "siwachi". Mahali pa nj hutumiwa nd: njoo huwa ndoo, njia huwa ndia. Irabu mbili zinazofuatana hutenganishwa kwa w au y katika maandishi yake, kama katika "usiniuwe". Kiambishi ni cha nafsi ya kwanza hufupishwa kuwa n'.

Neno "n'shishiyelo" linahitaji maelezo zaidi, na hapa mwanafunzi wa Ishiara ana bahati. Shina lake ni shika katika umbo la zamani la wakati timilifu, shishiye, ambalo asili yake ni kiambishi tamati -ile. Kiambishi hicho kimetoweka katika Kiswahili sanifu, lakini ndugu yake yumo katika Kimbeere: ni ule -ire tunaoutumia kila siku tunaposimulia jambo lililokwisha kutendeka. Mwambie mwanafunzi hivyo, umwone anavyoinua kichwa. Aliyefikiri kwamba Kimvita kiko mbali naye atagundua kwamba lugha ya nyanya yake inamsogeza karibu nacho kuliko Kiswahili sanifu.

Jazanda nazo zianze na mazingira ya mwanafunzi. Mto Tana unapita kusini mwa eneo la Mbeere, na mamba wake si hadithi ya vitabuni. Kabla ya kulisoma shairi la 'Mamba', mwalimu aliulize darasa maswali matatu: Mamba hukaa wapi? Huwafanya nini wanaofika mtoni? Je, nje ya maji nguvu zake ni zilezile? Majibu yaandikwe ubaoni. Kisha shairi lisomwe kwa sauti mara mbili bila kutaja jina la mtunzi. Wanafunzi waulizwe: katika jamii, nani anafanana na mamba huyu? Watataja watu wa aina nyingi. Baada ya hapo tu, mwalimu aeleze habari za 1968 hadi 1972. Utaratibu huu una faida kubwa: maisha ya mtunzi yanakuja kuthibitisha maana ambayo wanafunzi wamekwisha kuiona, hayaji kuwapokonya kazi ya kufikiri.

Mtahiniwa aandikeje?

Katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, swali la ushairi hubeba alama 20, na kila alama hutolewa kwa hoja iliyotoka shairini. Tuseme mtahiniwa ameulizwa: "Eleza jinsi mshairi alivyotumia jazanda katika shairi la 'Mamba'." Linganisha majibu haya mawili.

Jibu la kwanza: "Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Aliandika Kenya: Twendapi? akafungwa Kamiti. Kwa hivyo mamba ni serikali."

Jibu la pili: "Mshairi ametumia jazanda ya mamba kumrejelea mtu mwenye mamlaka anayejivunia nguvu zake. Mto ni eneo la utawala wake. Majigambo ya mamba na imani yake kwamba ataishi daima ni kiburi cha viongozi wasiofikiri kwamba kuna siku watatoka madarakani. Jazanda hii inafaa kwa kuwa inamwezesha mshairi kuonya bila kutaja jina la mtu, jambo linalolingana na hali yake ya ufungwa wa kisiasa."

Hakuna uongo katika jibu la kwanza, ila swali halijajibiwa. Limetaja jazanda moja tu na halikuonyesha inavyofanya kazi. Jibu la pili limeanza na shairi, likapita katika taswira, likafikia maana, na likayataja maisha ya mtunzi mwishoni katika kishazi kimoja ili kuitilia nguvu hoja ya ufaafu. Hicho ndicho kipimo: sentensi tatu au nne za shairi, kishazi kimoja cha maisha.

Mtahiniwa azingatie pia tofauti ya mshairi na nafsineni. Katika 'Usiniuwe!' mshairi ni mwanamume mzima, nafsineni ni kiumbe ambacho hakijazaliwa. Mwenye kuvichanganya viwili hivi hapo ataanguka. Katika 'N'shishiyelo ni Lilo' vinakaribiana sana, lakini bado ni vizuri kuandika "nafsineni inashikilia msimamo wake" kisha ndipo kuonyesha uhusiano na mtunzi ikiwa swali limeuliza.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Abdilatif Abdalla yanaeleza mengi: kwa nini mashairi yake yamejaa mafumbo, kwa nini umbo lake ni la jadi, na kwa nini "mimi" yake mara nyingi ni "sisi". Tumeona pia kwamba hayaelezi kila kitu, na kwamba mtahiniwa anayeyaweka mahali pa shairi hupoteza alama.

Lipo jambo la mwisho ambalo ni la mwalimu kuliko mtahiniwa. Baadhi yetu huogopa kugusa siasa darasani, kwa hivyo tunafundisha idadi ya mishororo na majina ya vina, tunaishia hapo. Kufanya hivyo ni kumdhulumu mwanafunzi. Mashairi haya yaliandikwa na kijana mwenye umri usiopita sana ule wa wanafunzi wetu, aliyeuliza swali kuhusu nchi yake akalipa miaka mitatu. Mwanafunzi wa Ishiara naye ana nchi ileile na haki ya kuuliza. Tumfundishe kuhesabu mizani, na tumfundishe pia kilichowekwa juu ya mizani hiyo.

Maswali ya marudio

1. "Mafumbo katika Sauti ya Dhiki ni urembo na pia ni kinga." Jadili kwa kurejelea mashairi mawili.

2. Tofautisha mshairi na nafsineni ukirejelea 'Usiniuwe!' na 'N'shishiyelo ni Lilo'.

3. Andika maneno yafuatayo katika Kiswahili sanifu, kisha ueleze kanuni iliyotumika: siwati, mato, ndia, ndoo.

4. Abdilatif Abdalla alidai mabadiliko katika siasa lakini akahifadhi arudhi katika ushairi. Je, misimamo hii miwili inapingana? Toa hoja nne.

5. Chagua mnyama au kitu kinachojulikana katika mazingira yako, ukitumie kama jazanda katika ubeti mmoja wa tarbia unaomwonya kiongozi mwenye kiburi. Zingatia vina na mizani.